Kalamu Ibaki Mkononi mwa Mwenyewe: Amsaidiaye Mwenzake Kuandika Huanza Kuwa Mwalimu

Kuna msaada unaoponya, na kuna msaada unaolemaza. Tofauti ya misaada hiyo miwili haionekani upesi, maana yote huanza kwa moyo mwema, na anayesaidiwa huishukuru yote kwa maneno yale yale. Mimi niliijua tofauti hiyo nikiwa kadeti, katika chuo cha kuwafunza maofisa wa jeshi, na gharama ya kuijua alilipa mtu mwingine.

Ratiba ya kadeti, kama wajuavyo waliopitia huko, haina nafasi ya kuvuta pumzi. Alfajiri ni mbio, asubuhi ni kwata, mchana ni masomo ya ramani na silaha. Na usiku, mwili ukiwa umekwisha choka, ndipo inapokuja kazi ya kuandika: insha, taarifa ya doria, muhtasari wa mhadhara, tathmini ya hali ya uwanja wa mapambano. Wengi wetu tulikuwa hodari wa mbio, lakini karatasi tupu ilitutia hofu kuliko uwanja wa vikwazo. Katika bweni letu alikuwamo mwenzetu mmoja, kijana mrefu, mwenye shabaha ambayo hakuna aliyeikaribia. Huyo, kila alipoagizwa kuandika, aliketi ukingoni mwa kitanda chake akiikodolea macho karatasi kama msafiri aliyefika mtoni akakuta umefurika.

Mimi nilikuwa na sifa ya kuandika. Usiku mmoja aliniletea insha yake, akasema, "Ndugu yangu, hebu nitazamie hii, nimekwama." Nikaitazama, nikachukua kalamu, nikafuta, nikaandika upya. Kufikia wakati wa kuzima taa, insha ile ilikuwa yangu kwa kila kitu isipokuwa jina. Akapata alama nzuri, akanishukuru mbele ya bweni zima. Juma lililofuata akaja tena, na jingine vile vile. Ndivyo tulivyokwenda kwa miezi mitatu: yeye akileta karatasi, nami nikiihamisha kalamu kutoka mkononi mwake. Nilijiona mtu mwema. Na nikisema kweli yote, nilijiona pia mtu bora kuliko yeye.

Ukaja mtihani wa mwisho wa muhula. Chumba cha mtihani hakina rafiki. Mwenzangu alitoka humo akiwa ameandika ukurasa mmoja na nusu. Hakufuzu, na akaamriwa kurudi nyuma aanze upya pamoja na kundi lililotufuata. Siku aliyohamisha sanduku lake hakunilaumu hata kidogo. Alinipa mkono, akasema, "Ahsante kwa yote, ndugu yangu." Shukrani ile ilinichoma kuliko lawama, kwa kuwa nilijua ni nini hasa nilichokuwa nimemfanyia.

Ndugu msomaji, sikukitoa kisa hiki kwa ajili ya kujikosoa tu. Nimekitoa kwa sababu baadaye nilipata kusoma habari za watu waliolifikiri jambo hili kwa makini na kwa muda mrefu, nikaona kwamba kosa langu lina historia na lina dawa. Katika vyuo vikuu vingi, hasa vya Marekani, kuna wanafunzi wanaochaguliwa, wakafunzwa, kisha wakapangiwa saa za kuketi na wanafunzi wenzao na kuwasaidia katika uandishi. Msaidizi wa namna hiyo si mwalimu wa yule aliyemjia, ni mwenzake. Hatoi alama, wala hashiki wino mwekundu. Na jambo la kutazamwa ni hili: kazi hiyo, ambayo kwa nje huonekana kuwa ni hisani kwa aliye nyuma, humjenga msaidizi mwenyewe. Wale wanaoingia katika ualimu baadaye huingia wakiwa wamekwisha jifunza somo lililo gumu kuliko yote ya kazi hiyo, nalo ni kuzuia mkono wao.

KIRANJA WA MADRAS

Wazo la mwanafunzi kumfundisha mwanafunzi si geni, na sisi wanajeshi tunaweza kusema kwamba mzizi wake mmoja ulimea miongoni mwa watoto wa askari. Mwaka 1789 Mskoti mmoja aliyekuwa kasisi, Andrew Bell, alikabidhiwa usimamizi wa shule ya watoto yatima wa kiume wa askari huko Madras, nchini India, mji ambao leo unaitwa Chennai. Siku moja aliwaona watoto wa shule ya wenyeji wakijifunza herufi kwa kuziandika mchangani kwa vidole. Akapendezwa, akataka walimu wake nao wafundishe hivyo. Hawakukubali. Basi Bell akamwita mvulana wa miaka minane, John Frisken, mtoto wa askari asiye na cheo, akamkabidhi darasa la watoto waliokuwa wakianza herufi. Mtoto yule akaweza pale ambapo watu wazima walisema haiwezekani.

Mwaka 1797 Bell alichapisha mjini London taarifa ya jaribio lake. Wakati huo huo, kuanzia mwaka 1798, kijana mwingine, Joseph Lancaster, alikuwa akiwafundisha watoto wa maskini upande wa kusini wa mji huo, naye akitumia viranja: mwalimu mmoja aliwafundisha viranja, na viranja wakawafundisha wenzao kwa mamia. Utaratibu huo ulienea katika nchi nyingi kwa kuwa gharama yake ilikuwa ndogo. Hatimaye, mwaka 1846, serikali ya Uingereza iliweka mpango wa wanafunzi-walimu. Kijana aliyetimiza miaka 13 alifungwa mkataba wa miaka mitano, akawa anawafundisha wadogo zake darasani na yeye mwenyewe akifundishwa na mwalimu mkuu; na waliofanya vizuri walipata nafasi ya kuendelea katika chuo cha ualimu kwa msaada wa serikali. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, njia ya kuufikia ualimu katika nchi hiyo ilianzia kwenye kumfundisha mwenzio.

Hata hivyo, utaratibu wa viranja ulikuwa na upungufu mkubwa. Kiranja alikuwa kama koplo wa kwata: yeye alitamka, wenzake wakarudia, alisimama mbele, wenzake wakajipanga. Ulifaa kwa herufi na kwa kuhesabu. Lakini insha si kwata. Huwezi kumwamuru mtu afikiri kwa hatua moja na wenzake, wala huwezi kumtungia fikra kwa kumpazia sauti. Ilibidi ipite zaidi ya karne moja kabla ya wazo la mwanafunzi kumsaidia mwanafunzi kurudi kwa sura nyingine, bila kiranja wala filimbi.

MILANGO ILIPOFUNGULIWA NEW YORK

Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York, chenye matawi katika sehemu mbalimbali za jiji hilo, kilifungua milango yake kwa kila kijana wa jiji aliyemaliza shule ya sekondari. Waliingia watoto wa wafanyakazi, Wamarekani weusi, watu wenye asili ya Puerto Rico, na wana wa wahamiaji wa kila kabila. Na wengi walikuwa wa kwanza katika jamaa zao kukanyaga chuo kikuu. Walipoandika insha zao za kwanza, baadhi ya walimu walishika vichwa. Palikuwa na makosa ya kila namna, nao hawakujua waanzie wapi.

Mwalimu mmoja, Mina Shaughnessy, wa tawi la City College, hakushika kichwa. Alikusanya insha kiasi cha 4,000 za wanafunzi wapya, akaketi kuzichambua. Katika kitabu chake *Errors and Expectations*, kilichotoka mwaka 1977, alionyesha kwamba makosa yale hayakuwa uvivu wala upungufu wa akili. Yalikuwa na sababu zake. Mwandishi alikuwa akifuata kanuni, ila ni kanuni aliyojitungia mwenyewe kwa kukosa kuonyeshwa nyingine. Anayetaka kumsaidia, basi, hana budi kwanza kuitafuta kanuni hiyo.

Katika tawi jingine, Brooklyn College, mwalimu Kenneth Bruffee na wenzake walikumbana na fumbo la namna nyingine. Chuo kilikuwa kimeandaa misaada ya ziada kwa wanafunzi waliokuwa nyuma, lakini wengi wa waliokusudiwa hawakuitumia. Bruffee alieleza baadaye kwamba msaada ule ulikataliwa kwa sababu ulikuwa ni darasa lile lile lililowashinda, limerefushwa tu. Kijana aliyeaibishwa na mwalimu saa nne asubuhi hatamfuata mwalimu mwingine saa kumi jioni akaaibishwe tena. Alichohitaji ni njia nyingine kando ya darasa. Ndipo wakawafunza wanafunzi wa kawaida, wakawaweka wawasaidie wenzao. Waliosaidiwa wakaendelea vizuri. Na waliosaidia nao wakajifunza kutokana na kazi hiyo.

Mwaka 1984 Bruffee alichapisha katika jarida la *College English* maelezo ya kwa nini hali ilikuwa hivyo. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba kufikiri ni mazungumzo yaliyoingia ndani ya mtu, na kuandika ni mazungumzo hayo hayo yakitolewa tena nje. Asiyepata mtu wa kuzungumza naye juu ya jambo atalifikiri kwa shida, na ataliandika kwa shida zaidi. Mwaka huo huo, katika jarida hilo hilo, Stephen North naye aliandika kuwatetea watu wa vituo vya uandishi dhidi ya wale waliowaona kama mafundi wa kuziba viraka. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba wanaoshughulikiwa vituoni ni waandishi, na kwamba karatasi iliyoletwa ni njia tu ya kuwafikia.

Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mwenzangu wa bwenini. Mimi nilikuwa nimeshughulikia karatasi zake kumi na mbili, na mwandishi sikumgusa hata mara moja.

MEZANI

Yafaa tueleze kazi yenyewe inavyokwenda, kwa kuwa ndani ya utaratibu wake ndimo lilimo somo la ualimu.

Mwanafunzi hufika na rasimu yake, au hata bila rasimu. Wawili hao huketi ubavu kwa ubavu, si kutazamana kama hakimu na mshitakiwa. Karatasi huwekwa mbele ya mwenyewe, na kalamu huishika yeye. Msaidizi huanza kwa kuuliza: umeagizwa kuandika nini? Umefika wapi? Ni sehemu gani inayokusumbua? Kisha mara nyingi huomba rasimu isomwe kwa sauti. Jicho lina desturi ya kuruka yaliyokosekana, lakini ulimi hujikwaa, na mara nyingi mwandishi husimama mwenyewe katikati ya sentensi akasema, "Hapa sikusema nilichotaka." Hapo msaidizi hana haja ya kusahihisha. Huuliza tu, "Ulitaka kusema nini?" na mwenzake akiisha kujibu, humwambia aliandike jibu hilo.

Mambo makubwa hutangulia: hoja ni ipi, ushahidi uko wapi, mpangilio unamwongoza msomaji au unampoteza. Tahajia na nukta hungoja. Hakuna faida ya kuipaka rangi nyumba ambayo ukuta wake utabomolewa. Mwishoni mwandishi husema mwenyewe atakwenda kufanya nini baada ya kuondoka.

Mtu anaweza kudhani kwamba kuuliza maswali ni kazi nyepesi. Sisi jeshini tuna mfano wa kutuonya. Tarehe 25 Oktoba 1854, katika vita vya Crimea, Lord Raglan, jemadari wa Waingereza, alikuwa juu ya kilima karibu na Balaklava. Kutoka huko aliona adui akijitayarisha kuondoa mizinga iliyotekwa. Akatoa amri, ikaandikwa upesi kwenye karatasi, kwamba wapanda farasi wasonge mbele wamzuie adui asiiondoe mizinga. Lord Lucan, aliyeipokea, alikuwa chini bondeni, na kutoka pale mizinga hiyo haikuonekana. Alipouliza ni mizinga ipi, Kapteni Nolan aliyeileta amri alinyosha tu mkono kuelekea mbele. Wapanda farasi wapatao 670 wakaenda kuishambulia mizinga mingine kabisa, mwishoni mwa bonde, wakipigwa kutoka pande tatu. Zaidi ya 100 waliuawa, na Nolan mwenyewe alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Aliyetoa amri hakuwa mjinga. Kosa lake ni lile la kila anayeandika: alisahau kwamba msomaji hasimami pale aliposimama yeye. Laiti karibu naye angalikuwako mtu mmoja wa kumwuliza, "Afande, mtu aliye bondeni ataijuaje mizinga unayoisema?" Basi hiyo ndiyo kazi ya msaidizi wa uandishi. Yeye ni mtu wa bondeni aliyepandishwa kilimani kabla amri haijaondoka.

WALIYOONDOKA NAYO

Je, kuna ushahidi kwamba kazi hii humfuata mtu hata baada ya chuo? Upo. Mwaka 2010 walimu watatu waliokuwa wakiendesha vituo vya uandishi, Bradley Hughes wa Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, Paula Gillespie wa Chuo Kikuu cha Marquette, na Harvey Kail wa Chuo Kikuu cha Maine, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika *The Writing Center Journal*. Waliwauliza waliopata kuwa wasaidizi katika vyuo hivyo vitatu waeleze ni nini walichoondoka nacho, wakachambua majibu ya watu 126.

Majibu hayo yalielekea upande mmoja. Watu walisema uhusiano wao na uandishi ulibadilika. Kwamba walipata uwezo wa kuchambua maandishi na hoja. Kwamba walijifunza kusikiliza. Kwamba waliyojifunza yaliwafaa kazini na hata nyumbani na jamaa zao. Kwamba walijiamini zaidi. Na kwamba waliamini kwa dhati kuwa watu hujifunza vizuri wakijifunza pamoja. Ni kweli kwamba hayo ni maneno ya watu juu ya nafsi zao, wala hayakupimwa kwa mizani. Lakini mtu akikumbuka jambo kwa miaka mingi na kulitumia kila siku, ushuhuda wake si wa kupuuzwa.

Tukitazama upande wa ualimu peke yake, naona mambo manne ambayo aliyekuwa msaidizi huyabeba.

La kwanza, ameuona upande wa pili wa meza ya mwalimu. Amemwona mwenzake akiigeuza karatasi yenye neno moja tu pembeni, "Haieleweki," lililoandikwa kwa wino mwekundu, naye hajui ni nini kisichoeleweka. Akiwa mwalimu, mtu huyu hataandika neno hilo peke yake. Ataandika: "Hapa nimepotea, kwa sababu umetaja watu wawili kisha ukasema 'yeye'."

La pili, amejua kwamba mara nyingi kosa la mwanafunzi lilianzia kwenye agizo la mwalimu. Amekutana na maagizo yasiyosema urefu, wala msomaji, wala kusudi, akaona vijana wenye akili wakihangaika usiku kucha kukisia. Hivyo atakapotoa kazi yake mwenyewe, ataisoma kwanza kwa macho ya anayeipokea.

La tatu, amezoea kulitafuta kosa lilikotoka kabla ya kulihukumu, kama alivyofanya Shaughnessy.

La nne, nalo ndilo zito kuliko yote, ameweza kukaa kimya. Mwalimu mpya huogopa kimya. Anauliza swali, na kabla ya kuhesabu tatu amekwisha lijibu mwenyewe. Aliyefanya kazi mezani anajua kwamba ndani ya kimya kile kuna mtu anayefikiri, na kwamba kumkatiza ni kumnyang'anya kalamu.

CHEO NA SIKIO

Kuna mgogoro hapa ambao si vizuri kuuficha. Mwaka 1987 mwalimu mwingine wa Marekani, John Trimbur, aliuliza kama maneno "mwenzi" na "mwalimu" yanaweza kukaa pamoja bila kupingana. Mtu akiwa na ujuzi zaidi amekwisha acha kuwa sawa na mwenzake. Na akibaki sawa naye kabisa, atamsaidia kwa lipi? Kila msaidizi huishi katikati ya kamba hizo mbili zinazovutana. Akivutwa upande mmoja, huwa mwalimu mdogo mwenye majivuno. Mimi ndivyo nilivyokuwa. Akivutwa upande wa pili, huwa rafiki wa kupiga soga tu.

Siku anapokuwa mwalimu kamili, kamba hizo hukaza zaidi. Sasa anatoa alama. Sasa neno lake linaweza kumrudisha mtu nyuma mwaka mzima. Hawezi kujifanya kwamba bado ni mwenzao, maana wanafunzi si wajinga. Linalowezekana ni kushika cheo bila kupoteza sikio. Nasi jeshini tunalijua hilo. Ofisa hawaombi askari wake kura kabla ya kutoa amri; lakini ofisa asiyemsikiliza sajini wake wala mtu aliyetoka doria hawezi kudumu. Kusikiliza hakuondoi cheo, bali hukipa macho.

HAPA KWETU

Msomaji anaweza kusema: hayo ni mambo ya nchi tajiri, sisi darasa lina watoto themanini, mia na zaidi, nani atakaa na mmoja mmoja? Swali hilo ni la haki. Hapa Uganda, elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997, idadi ya watoto wa shule za msingi ilipanda kutoka kiasi cha milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja. Walimu hawakuweza kuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu mwenye insha mia mezani, na kesho anasubiriwa na nyingine mia, ataandika nini pembeni zaidi ya "Jitahidi"?

Lakini hapo ndipo hoja hii inapopata nguvu, kwani msaada huu hauhitaji jengo wala mashine. Unahitaji benchi chini ya mti, saa moja baada ya masomo, na wanafunzi wachache waliofunzwa vizuri jinsi ya kuuliza na kunyamaza. Afrika Kusini, baada ya kuangushwa kwa ubaguzi wa rangi, vyuo vikuu kama cha Cape Town na Western Cape vilianzisha vituo vya uandishi katika miaka ya 1990, kwa sababu vilipokea vijana ambao shule za ubaguzi ziliwanyima haki yao. Hali hiyo ilifanana na ya New York ya mwaka 1970, nao walichukua njia inayokaribiana na ile.

Tena sisi tuna sababu yetu wenyewe. Katiba yetu, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo unadai walimu wengi wa Kiswahili, na mwalimu wa lugha haoteshwi kwa siku moja. Watatoka wapi? Kwa maoni yangu, baadhi yao wamo sasa hivi madarasani: yule binti wa kidato cha tatu anayeongea Kiswahili safi kwa kuwa alilelewa mpakani, yule kijana ambaye wenzake humzunguka kila insha inapotolewa. Wakiachwa hivi hivi watafanya kama nilivyofanya mimi, watawaandikia wenzao. Wakifunzwa, watawafanya wenzao waandike. Na wakati huo huo wao wenyewe watakuwa wameanza kazi ya ualimu bila kujua. Vyuo vya ualimu navyo vingefanya vizuri kumpa kila mkufunzwa, kabla ya kumsimamisha mbele ya darasa la watu mia, muhula mmoja wa kuketi na mtu mmoja mmoja.

MWISHO WA KISA

Sasa nirudi kwa mwenzangu wa bwenini. Aliporudishwa nyuma hakuondoka chuoni. Alihamia bweni la pili tu. Baada ya majuma kadhaa alinijia tena jioni, karatasi mkononi. Wakati ule sikuwa nimesoma kitabu chochote juu ya mambo haya. Aibu peke yake ndiyo iliyonifundisha. Niliitia kalamu yangu mfukoni, nikafunga kifungo cha mfuko. Nikamwambia, "Kaa hapa. Nisomee."

Akasoma. Alipofika sentensi ya tatu alisimama, akakuna kichwa. Mikono yangu ilikuwa ikiwasha, maana kosa nililiona tangu mbali. Nikanyamaza. Kimya kikawa kirefu, sijui dakika ngapi. Kisha akaivuta karatasi, akafuta, akaandika mwenyewe. Sentensi yake haikuwa nzuri kama ambavyo ningaliiandika mimi. Lakini ilikuwa yake, na kesho yake aliweza kuandika nyingine.

Safari hii alifuzu. Lililonishangaza ni lililofuata: kabla hajahitimu, makadeti waliokuwa nyuma yake walianza kumwendea yeye, si kwa sababu alikuwa bingwa wa insha, bali kwa sababu alijua maana ya kuitazama karatasi tupu na kutojua pa kuanzia. Leo ni mkufunzi katika shule moja ya askari, na somo lake ni uandishi wa taarifa. Mwaka jana nilipata kupita darasani mwake. Askari mmoja mwenye umri mkubwa kuliko wake alikuwa amekwama katikati ya taarifa ya doria. Mkufunzi alivuta kiti, akaketi ubavuni mwake, akaikunja mikono yake kifuani, akauliza, "Mzee, siku ile uliona nini kwanza?"

Mzee akaanza kueleza. Mkufunzi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha karatasi kwa kidevu. "Haya," akamwambia, "liandike hivyo hivyo."